Jina la Aliyeshindwa

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, kaeni chini kwanza, hizo simu ziwekeni pembeni. Sina maneno ya kuwabembeleza.

Likizo hii nyumba yangu hapa Lindi imeingia mashine mbili za gemu. Mjukuu wangu mkubwa amekuja na yake nyeusi kutoka Dar. Mdogo, ninayeishi naye, kanunuliwa nyeupe na mama yake. Zote zina mbio za magari, na tangu asubuhi kazi ni kubishana ipi ndiyo yenye udereva wa kweli.

"Bibi, ya kwangu matairi yakiisha gari linayumba," mkubwa ananiambia. "Ukigonga linapondeka, umekwisha. Yake ya kitoto."

"Wa kitoto wewe! Yangu ina mvua, ina matope. Na ukigonga unabonyeza hapa, unarudi nyuma kabla hujagonga."

"Sasa huo udereva au uchawi?"

Nikazitazama zote mbili huku napepeta mchele. Ile nyeupe ina rangi nzuri, lakini inadekeza. Ile nyeusi haisamehe. Kama mnataka kauli yangu, mkubwa ana haki: gari linalogonga bila kuumia si gari. Basi wakashindana kwenye nyeusi, na mdogo, asiyeizoea, kila kona akauvaa ukuta. Mwenzake akacheka mpaka akagaragara. "Kuanzia leo wewe ni Bwana Ukuta. Hata shuleni kwenu nitahakikisha wanakuita hivyo."

Hapo ungo ukaniponyoka.

Kwetu Milola tulikuwa na magari ya mbao. Unakaa juu yake, unashuka mlima wa barabara ya udongo mwekundu mpaka kisimani. Watoto wa Juu walikuwa na la magurudumu manne, wanaliongoza kwa kamba. Sisi wa Bondeni letu lilikuwa la matatu, linaongozwa kwa miguu. Ubishi ulikuwa huu huu. Wao wakisema letu ni kigoda, sisi tukisema lao ni jeneza. Mbio zilikuwa msimu wa korosho, mabibo yakioza chini ya miti na nyuki wamejaa. Bibi yetu akikaanga korosho uani kwenye debe lililotobolewa, mafuta meusi ya maganda yakidondoka motoni na kulipuka. Alikuwa akisema, "Korosho haina rafiki, humbabua hata anayeipenda." Mikono yake ilikuwa ushahidi.

Mwaka mmoja dereva wa Bondeni alikuwa kaka yangu. Na desturi ya mbio zile ilikuwa hii: dereva aliyeshindwa hupewa jina na walioshinda, na jina lake la kuzaliwa halitajwi tena. Atakayelitaja, atawachotea maji walioshinda msimu mzima. Kaka aliliogopa hilo kuliko fimbo ya mwalimu.

Kila mtu alilainisha magurudumu kwa mlenda wa kuiba jikoni. Kaka akaona mlenda ni mambo ya wanawake. Akakinga mafuta ya maganda ya korosho chini ya debe la bibi, akapaka. Na kweli, yakiwa ya moto yanateleza kama kambare. Alipolijaribu jioni, gari liliruka. Asichojua ni kwamba mafuta yale yakilala, yakasuguliwa na kula vumbi, hushika kama ulimbo wa kunasia ndege.

Kesho yake, katikati ya mlima, gurudumu la mbele liligoma. Kaka akarushwa kwa uso. Viganja vilikuwa vimekwisha kubabuka tangu usiku, sasa na goti likafunuka mpaka mfupa. Hakuna aliyemwinua. Wa Juu walimaliza kwanza mbio zao, kisha wakapanda tena, wakamzunguka pale chini wakipiga makofi: "Ulimbo! Ulimbo! Kanasa mwenyewe!" Wenzake wa Bondeni wakatema mate wakaondoka. Mimi nilimwita kwa jina lake mara moja tu, nikamshika mkono. Nilichota maji mpaka utosi ukachunika.

Goti lilipona, jina halikupona. Mwalimu naye akamwita Ulimbo. Mama alikataa kwa muda, mwisho akachoka, akawa anamwita chakulani kwa jina lilelile. Alipokwenda kuposa, upande wa mwanamke walicheka hata kabla ya kukaribisha watu ndani. Akazeeka nalo.

Siku ya mazishi yake wanaume walikwenda makaburini, sisi wanawake tukabaki nyumbani kama ilivyo. Punde nikamwona jirani anarudi mbio.

"Dada, shehe anataka kusoma talkini, amwite marehemu kwa jina. Anauliza anaitwa nani."

"Mko makaburini watu wote wale, na mmekua naye."

"Tunamjua Ulimbo tu, dada. Utusamehe."

Huyo jirani alikuwa wa Juu, na pale mlimani alipiga makofi. Ndugu yangu yumo kaburini, udongo umekwisha kumfunika, na hakuna wa kumwita. "Selemani," nikamwambia. "Rudi mbio, na usilisahau njiani."

Siku hizi Milola magari ya mbao hakuna. Mlima wetu greda limeuchonga, na watoto hawajui harufu ya debe la korosho. Siyalilii. Vingine vilistahili kufa. Hata desturi ile nilidhani tumeizika na wenyewe, kumbe ilikuwa imekaa sebuleni kwangu na rimoti mkononi.

Nilizima mashine zote mbili. Mkubwa akasema, "Bibi, si utani tu?"

"Hata ule ulikuwa utani," nikamjibu. Nikawaita wote waliomo ndani, hata mama wa yule mdogo, aliyekuwa jikoni, nikawaambia: "Chezeni, gonganeni, tukaneni magari yenu. Lakini humu ndani kila mtu ataitwa jina alilopewa na baba yake. Atakayembandika mwenzake jingine, sahani yake nitaifunika, atalala na njaa, na asubuhi namtia kwenye basi."