Bustani ya Roshani Yangu

Wa kulaumiwa ni Shabani Kibwana, mpishi wa mkahawa wa hapa Bagamoyo, na jina lake nalitaja ajue. Mie lori lilipinduka nami Chalinze nikatoka mzima, lakini kwenye ushauri wa Shabani sikutoka mzima.

Nilitaka kumposa Bi Zuhura, mjane anayekaa chini ya ghorofa yetu. Shabani akasema, "Huyo anapenda maua. Ipambe roshani yako kwanza. Nenda Kaole, miche imejiotea tu porini."

Nikaenda. Nikang'oa asumini, nikang'oa majani mapana nisiyoyajua majina, na mrehani mmoja uliostawi ndani ya beseni la buluu, katikati ya mawe mawili. Mawe nikayaona ya mpaka wa shamba. Beseni nikalibeba zima zima, nikijiona mjanja.

Nikamwagilia wiki mbili, roshani ikawa msitu. Ijumaa nikamkaribisha Bi Zuhura na kaka yake, Mzee Faki, tunywe kahawa nitoe posa yangu. Bi Zuhura akasifu kila jani, mpaka alipofika kwenye beseni. Akalipapasa kiraka cha ubavuni, akamgeukia kaka yake.

"Kaka, hebu tazama. Si beseni langu hili?"

"Ndilo. Na mrehani wenyewe ndio uliompandia marehemu mumeo kaburini."

Nikababaika, "Shikamoo mzee, mie nilidhani halina mwenyewe."

Mzee Faki hakuitikia. Akaweka kikombe chini.

"Mwenyewe alikuwa amelala hapo hapo, bwana. Ulimruka, au ulimkanyaga?"