Ini la Bibi, Figo za Mjomba

Harufu ya manyoya ya mbuzi yakiungua motoni huwafanya watu wengine wakunje pua. Mimi hunichekesha. Juzi jirani yangu alikuwa akibabua kichwa cha mbuzi nyuma ya jiko lake, moshi ukavuka ua ukaniingilia ndani, nikajikuta nimeweka chini ungo wa maharage na kucheka peke yangu kama mtu aliyetekenywa. Wajukuu wakaja mbio kutazama kama bibi yao yu mzima. Niliwafukuza, maana kisa chenyewe ni kirefu na wao hawana subira. Ninyi mlioketi na kitabu bila shaka mnayo, basi nitawaambia ninyi.

Nilikuwa msichana mdogo, meno yangu ya mbele ndiyo kwanza yameota upya, katika miaka ile Wajerumani walipokuwa na boma lao Arusha. Sisi tulikaa juu, kwenye miteremko ya Mlima Meru, nyumba yetu imefichwa na migomba kiasi kwamba mgeni alisikia mbuzi wetu kabla ya kuona paa. Asubuhi baridi ilishuka kutoka mlimani, na tulipofika shule ya misheni miguu yetu ilikuwa imekufa ganzi kwa umande. Shule ilikuwa chumba kimoja kirefu cha udongo chenye madirisha mapana yasiyo na vioo, kwa hiyo ng'ombe wa jirani alipopita naye alipata masomo kidogo.

Tulifundishwa kusoma, kuandika, kuhesabu na kuimba, na pamoja na hayo somo lililoitwa maarifa. Siku hizi watoto wanaliita sayansi na kulilalamikia. Sisi tulilipenda kwa sababu ya picha. Mwalimu wetu Filipo, kijana kutoka upande wa Moshi, alikuwa na karatasi kubwa iliyoletwa kutoka Ulaya, na juu yake amechorwa mtu aliyefunguliwa kifua na tumbo, macho yake yakitazama mbele kwa utulivu kana kwamba hajaambiwa. Tuliamini kabisa kwamba mtu yule aliwahi kuishi. Tukibaki peke yetu tulijadiliana alikuwa mtoto wa nani, na ndugu zake walikuwa na roho gani hata wasimzike. Mwalimu aligusa sehemu moja moja kwa fimbo, akataja jina lake kwa Kiswahili na kazi yake mwilini, nasi tukaitikia kwa sauti moja. Lakini nyumbani tulisema Kimeru, Kiswahili tulikisikia shuleni tu, na kwangu mimi maneno yale yaliingia sikio hili yakatokea lile.

Hayo yasingekuwa na neno, kama Shangazi asingejifungua.

Shangazi, dada yake Baba, alikuwa ameolewa na Mwarusha kule chini, upande wa Engutoto. Alipanda kuja kwetu na mtoto mchanga mgongoni, akanywa uji, akasifu migomba, kisha akasema alichojia: nyumba yake haina mtu wa kumshikia mtoto, na kwa kaka yake kuna msichana anayeshinda akiangalia picha za wazungu. Alinitaka mimi. Kwetu kaka hakumnyima dada yake kwa urahisi, kwani ng'ombe wa mahari yake ndio kaka aliowatoa kuoa. Mama aliinamia chungu. Bibi, mama yake Baba, alitazama moto.

Baba alikuwa mtu wa maneno machache na alipenda kuyachelewesha hata hayo machache. Akasema, "Wanapimwa shuleni mwezi ukiandama. Akishinda atabaki. Akishindwa, utamchukua."

Shangazi akaridhika. Mimi nikatoka nje nikalia nyuma ya zizi, maana nilijijua. Katika kusoma na kuimba sikuwa na wasiwasi, lakini mwaka ule mkuu wa shule za misheni alikuwa anakuja mwenyewe kutuuliza maarifa, mbele ya wazazi.

Basi nyumba nzima ikaanza kunisomesha, nyumba ambayo hakuna hata mmoja aliyejua herufi. Mama alinitajisha maneno tukiteka maji mferejini. Bibi alinitajisha nikimkuna mgongo, na kila nilipokosa alinigeuzia upande mwingine wa mgongo, ndivyo alivyoniadhibu. Niliyataja vizuri: moyo, ini, mapafu, figo. Nilijiona nimeiva. Mpaka jioni moja Baba alipouliza kwa upole, "Hilo ini liko wapi?"

Nikashika shingo.

Baba aliutazama mkono wangu. "Na figo?"

Nikashika goti, kwa kuwa nilikuwa na mawili na nilikumbuka figo pia ni mbili. Bibi alicheka hadi akakohoa. Baba hakucheka. Kesho yake asubuhi alimfungua beberu wetu mwekundu, yule mnene aliyekuwa akinenepeshwa zizini, akamwita baba mdogo aje kusaidia, kisha akaniita na mimi.

Lazima mwelewe jambo hilo lilikuwa zito kiasi gani. Kuchinja kwetu kulikuwa kazi ya wanaume, huko ndani ya migomba, na mtoto wa kike hakuwa na shughuli mahali pale. Alingoja jikoni aletewe nyama. Bibi alisimama mlangoni akauliza, "Mwanangu, unataka kumfanya mtoto huyu awe mwanamume?"

"Nataka kumfanya mwanafunzi, mama," Baba akajibu, na akanionyesha pa kuketi.

Nilikaa juu ya jani bichi la mgomba, nimekunja miguu, najiona kama mtemi. Baba alifungua tumbo taratibu kuliko nilivyowahi kusikia watu wakisimulia, na hakutoa kitu mpaka kwanza nimekiona kilipokaa. Aliushika mkono wangu akauingiza ndani, nikalisikia lile joto. Hilo ni ini, tazama lilivyolala, na hii nyongo imeng'ang'ania chini yake kama mtoto wa mgongoni. Alisema kwa Kimeru, mimi nikataja jina la shuleni, naye akalirudia na ulimi wake mzito, akilitafuna kidogo kama mtu anayeonja chakula cha ugenini. Alipofika kwenye mapafu aliweka mdomo kwenye koromeo akapuliza. Mapafu yale yaliyokuwa yamenywea yakainuka, mekundu na mepesi, yakajaa jani zima. Nilipiga kelele. Baba mdogo naye akapiga kelele, ingawa alikuwa amechinja mbuzi maisha yake yote. Tukamwomba Baba apulize tena, akapuliza tena, akiwa na damu shavuni na furaha ambayo sikuwa nimepata kuiona usoni pake.

Kosa lilikuwa moja tu. Baba hakuweza kushika kipande cha nyama bila kumtaja mwenye kipande hicho. Kwetu mbuzi alikuwa amekwisha kugawanywa kabla ya kuzaliwa: kila kiungo kilikuwa na mtu wake, na kumpa mwingine kulikuwa kumtukana. Kwa hiyo kila alichokilaza juu ya majani alikitangazia na mwenyewe. Ini ni la Bibi, hana meno. Figo ni za mjomba wako. Mapafu ni ya vijana wanaomshika mbuzi. Mimi nikayapokea yote pamoja, jina na mwenyewe, na yakashika. Jioni ile nyama zilisambazwa ukoo mzima. Paja la dada mtu Baba alilibeba mwenyewe begani kwenda nalo kwa Shangazi, akarudi kesho yake amechoka, akaniuliza ini liko wapi. Nikaweka mkono palepale.

Siku ya kupimwa shule ilijaa. Akina mama walikaa kwenye nyasi, wazee wakajipanga madirishani na fimbo zao, viwiko ndani, miili nje. Mzungu mkuu alikuwa mzee mwenye ndevu nyeupe, amekuja amepanda nyumbu, na jasho lilikuwa limeunganisha ndevu na kola yake. Nilimtafuta Baba kwa macho nikamwona kwenye dirisha la mbali. Kando yake nikamwona Shangazi, mtoto mgongoni na kikapu kikubwa mkononi. Nikajua kile kikapu ni cha nguo zangu. Sikuwa na nguo za kujaza kikapu, lakini mtu mwenye hofu hahesabu hivyo.

Wenzangu walijibu. Lazaro, kinara wetu, aliitaja mifupa kama anasoma majina ya wajomba zake. Kisha nikaitwa mimi, nikasimama mbele ya yule mtu asiyezikwa. Mzungu akaweka fimbo juu ya ini.

"Hii ni nini?"

"Ini."

"Eleza habari zake."

"Ni la bibi," nikasema kwa sauti safi, "kwa sababu hana meno."

Madirishani wazee wakatikisa vichwa kukubali, na mmoja akasema, "Mtoto amefundishwa." Mwalimu Filipo alikuwa ameufunika uso wake kwa daftari. Mzungu akahamisha fimbo polepole.

"Na hizi?"

"Figo. Ni za mjomba."

Hapo ndipo pakawaka. Mzee mmoja wa ukoo mwingine akaingiza kichwa chote ndani akasema, "Hapana. Figo ni za mchunga mbuzi. Za mjomba zimeanza lini?" Baba mdogo akamjibu kutoka dirisha la pili kwamba labda kwao watu hawana wajomba. Mwingine akasema mjomba hupewa shingo. Akina mama wakainuka kutoka kwenye nyasi, kwa sababu mambo ya nyama walikuwa na lao la kusema, na kwa muda hakuna aliyekumbuka kwamba kulikuwa na shule. Mzungu aligeuka huku na huku kama kuku aliyeingia nyumba ya watu. Mwalimu akamnong'oneza, akimweleza. Nilimwona akisikiliza, ndevu zikaanza kutikisika, kisha mabega, kisha akaketi kwenye benchi la watoto akacheka mpaka akavua miwani kujifuta macho.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nakitazama kikapu.

Kengele ikapigwa, watu wakatulia. Mzungu akaniinamia, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu. "Sasa wenyewe nimewajua," akasema. "Lakini niambie, binti. Mbuzi hajafa bado. Yuko malishoni, anakula majani yake. Mjomba hajafika na bibi amelala. Hilo ini ndani yake linafanya nini?"

Wasomaji wangu, sijui niwaelezeje. Mbuzi yule mwekundu alisimama mbele yangu mzima, akitafuna, na niliona ndani yake kana kwamba ngozi haikuwapo. Maneno ya Mwalimu Filipo, yale yaliyokuwa yakipita masikioni mwangu mwaka mzima, yakaja na kuketi kila moja mahali pake. Nikasema ini linatengeneza nyongo, na nyongo inaning'inia hapa chini, na ukiipasua umeharibu nyama yote. Nikasema moyo unasukuma damu. Nikasema mapafu yanashika pumzi, na kwa kuwa Kiswahili kiliniishia, nikavimbisha mashavu na kupuliza huku nikiinua mikono kuwaonyesha yanavyoinuka. Nilisema na yale niliyokuwa sijaulizwa. Nashukuru hakugusa tumbo, maana ningemwambia mtu ana matumbo manne.

Akaandika alama yake. Mwalimu Filipo akaitazama, akanitazama, akaniambia nikaketi na wanaoendelea.

Nilipotoka Baba alinitemea mate kidogo kwenye paji la uso, ndiyo baraka yetu, akasema twende nyumbani, ndizi zinangoja kumenywa. Shangazi alinipita akicheka bado, akanifinya shavu, akafungua kikapu chake akanipa boga alilokuwa amemletea Mama. Hakusema lolote juu ya kunichukua. Nilifurahi hata sikushangaa.

Nilishangaa baada ya miaka mingi, nikiwa mwalimu mwenyewe na mama wa watoto, Wajerumani wamekwisha kwenda zao. Nilimtembelea Shangazi Engutoto, tukawa tunapukuchua mahindi, nikamkumbusha nilivyomponyoka siku ile. Akaacha kupukuchua.

"Kuniponyoka vipi? Mimi nilikuja kusikiliza tu, mwanangu. Baba yako alikuwa amekwisha kuniletea paja la yule beberu. Aliliweka miguuni pangu, akasema, 'Dada, nakuomba usiniombe tena mtoto huyu.' Kaka hasemi neno kama hilo mikono mitupu. Ndiyo sababu alichinja."

"Na kama ningeshindwa?"

"Nilimwuliza hivyohivyo. Akasema, 'Akishindwa, atarudia.'"

Nilikaa na gunzi mkononi. Nilijiona mtoto, nimekunja miguu juu ya jani la mgomba, nikiamini kwamba beberu amekufa kwa ajili ya ini na mapafu, na siku zote hizo nikisoma huku nikitetemeka, kumbe aliyenitisha alikuwa ameshuka mlima mzima na mzigo begani kwenda kuzuia nisichukuliwe. Nililia kidogo, kwa furaha, na Shangazi akaniacha nilie.

Baba alikuwa bado hai. Nilipopanda nyumbani jioni ile nilimkuta ameketi na blanketi lake, macho hayaoni vizuri tena. Nikamwamkia, nikamweleza alichosema dada yake. Akasikiliza mpaka mwisho, kama kawaida yake, kisha akachelewa kujibu.

"Shangazi yako amezeeka," akasema. "Anachanganya mambo. Ungeshindwa, ungekwenda."

Nikamwambia, ndiyo, Baba, nami nilijua hivyo, ndiyo maana nikasoma. Akatikisa kichwa, ameridhika kabisa, na nikamwacha aamini kwamba nimemsadiki.