Kujigamba Bila Kutaja Baba

Kosa langu la kwanza katika muziki lilikuwa kumfuta rafiki yangu. Nilibonyeza kitufe akiwa hayupo, kwa sababu tu alichelewa kuingia kwenye mdundo.

Tulikuwa kundi la watu watatu pale kijijini Ihanda, upande wa mpaka wa Rwanda, miaka ya tisini, tukiimba muziki wa kufokafoka. Binamu yangu alipiga mdundo kwa mdomo. Mimi nilitunga mistari ya kujisifu, na kwa kuwa hakuna aliyenifundisha, niliogopa kila kitu. Rafiki yangu, ambaye wazazi wake walitoka Rwanda na walilima migomba jirani na kwetu, alikuwa na sauti kubwa kuliko sisi sote. Tulirekodi ndani ya stoo ya kahawa ya baba, magunia yakizuia mwangwi, kwa redio kaseti ya kuazima. Nyimbo tatu fupi zilituchukua wiki tano. Jogoo akiwika, nafuta. Binamu akimeza mate, nafuta.

Mwisho wa wimbo wa tatu, rafiki yangu aliongeza kitu ambacho sikumwomba. Alijigamba kama wanaume wanavyojigamba harusini, kwa lugha ya kwao ambayo sisi Wanyambo tunaielewa bila shida nyingi: mimi ni mwana wa fulani, mjukuu wa fulani, ng'ombe wetu walikunywa maji ya mto fulani. Niliona aibu. Nilitaka tusikike kama vijana wa Dar es Salaam, mji ambao hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufika.

"Umeitoa sehemu yangu?" aliniuliza alipoisikiliza kaseti.

"Haikukaa kwenye mdundo."

"Haya," akasema, akachukua jembe lake akaenda.

Fundi redio mmoja alikubali kutupigia kaseti mara moja, siku ya gulio. Watu wakiiomba tena, angetutolea nakala. Wasipoiomba, basi. Mgongoni mwa kaseti kuna vijino viwili vya plastiki. Ukivivunja, haiwezi kurekodiwa tena. Nilikataa kuvivunja. Kesho ningesikia kosa jingine, ningefanyaje?

Nyimbo zote tatu zikapigwa. Nilijificha nyuma ya mikungu ya ndizi, nikisoma nyuso. Watu waliinamisha vichwa kusikiliza. Nyimbo zikaisha.

"Wanajisifu vizuri," akasema mama mmoja muuza maharage. "Ila ni watoto wa nani?"

"Hawana baba hao," akajibu bwana aliyeegemea baiskeli yake. "Wameokotwa."

"Wamezaliwa humo humo redioni!"

Gulio zima likacheka. Kwetu, mtu akisimama kujigamba bila kutaja baba yake, bado hajaanza kusema. Nililijua hilo tangu nikiwa mdogo, na nikatunga nyimbo tatu bila kulikumbuka.

Fundi akanyoosha mkono kuitoa kaseti. Ndipo rafiki yangu akajitokeza. "Shikamoo, mama," akamwambia muuza maharage, akachomoa pampu kwenye ile baiskeli, akaishika kama mkuki. Akaanza. Baba yake, babu yake, mto, ng'ombe mmoja mmoja kwa rangi yake. Hakuwa na mdundo wowote. Watu walimwitikia kila alipovuta pumzi.

Sikumwona fundi akibonyeza kitufe cha kurekodi. Nilijua tu pale bwana wa baiskeli aliposema, "Hebu rudisha hapo mwisho," na redio ikatoa sauti ya rafiki yangu, pale pale nilipokuwa nimemfuta. Waliomba tena, na tena. Nyimbo zangu hakuna aliyeziomba. Ndani ya rekodi hiyo ya rafiki yangu mbuzi analia, mtu anapiga chafya, na muuza maharage anauliza, "Wa nani tena?" Nilisogea karibu na spika, nikitaka kujua kwa nini yule mbuzi hakuharibu kitu.

Fundi aliponirudishia kaseti, nilivivunja vile vijino kwa meno, nikampa rafiki yangu.

"Ulichelewa kuingia," nikamwambia, nikijaribu utani.

"Wewe ndiye uliyewahi kunitoa," akanijibu, akaitia mfukoni.

Siku hizi nikimrekodi mtu, sifuti chochote mpaka mwenye sauti asikilize kwanza.