Siku Karwirwa Alipopata Alama za Juu

Karwirwa alikuwa akiketi karibu nami, dirishani, katika ofisi yetu ya mjini Meru. Kazi yetu ni kuwajibu kwa maandishi watu waliokasirikia vitu walivyonunua mtandaoni: huyu kaletewa viatu vya mguu mmoja, yule sufuria iliyobonyea. Hakuna aliyekuwa na vidole vyepesi kama yeye. Mteja akimtukana, anacheka, anamwandikia maneno matamu mpaka mtu anaomba radhi mwenyewe.

Kisha wakubwa wakaja na majaribio yao. Nusu yetu wafanyie kazi nyumbani, nusu tubaki, na programu ihesabu kila herufi tunayobonyeza. Atakayefanya vizuri nyumbani abaki huko. Atakayezembea arudishwe ofisini. Karwirwa akapewa kibodi ya kampuni, akaacha chumba chake cha kupanga, akarudi Kangeta kwa mumewe, Mwenda, mfanyabiashara wa miraa ambaye zamani alimwona Jumapili tu.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wakubwa hawakujua kwamba miraa ikishachumwa haina subira: lazima ifungwe upesi kwa majani ya mgomba, gari liondoke, la sivyo inakauka na kubaki kuni. Kila mkono ulio nyumbani hufunga. Na mke aliyeketi mezani, machoni pa Mwenda, alikuwa mvivu tu.

Alianza na kofi. Kisha mkanda. Karwirwa alinipigia simu akiwa amejificha chooni, na mimi damu ikanichemka. Nikamwambia aondoke siku hiyo hiyo.

"Winfred, nitoke niende wapi?" akanong'ona. "Beverlyne amesema mwenye ataacha majaribio katikati, anafutwa kazi. Na huyu Munyi wangu atakula nini? Wacha nibonyeze polepole. Marks zikianguka watanirudisha town, nije na mtoto wangu."

Beverlyne ni msimamizi wetu. Anaamini skrini kuliko macho yake.

Kwa majuma mazima Karwirwa alizembea kwa bidii. Alama zikashuka, nami nikaanza kufuta vumbi kwenye kiti chake. Kisha ikaja siku gari la miraa lilipopiga honi barabarani naye akaomba amalizane na mteja mmoja kwanza. Gari likaondoka. Mwenda akaingia, akamkamata nywele.

"Unabonyeza-bonyeza tu na miraa inakauka! Hiyo nayo ni kazi? Haya, fanya kazi! Fanya! Fanya!"

Kila aliposema "fanya" alimgonga uso kwenye kibodi. Pua ikavunjika. Jino likatoka. Akamkandamiza pale, goti mgongoni, shavu juu ya vitufe, na herufi zikatiririka kwenye skrini kurasa kwa kurasa huku damu ikijaa mezani. Alipolegeza mkono avute pumzi, Karwirwa aliing'oa ile kibodi, akageuka nayo kwa nguvu zake zote, ikampasua sikio. Mwenda akaanguka juu ya miraa yake. Karwirwa akambeba Munyi, akakimbia na kibodi mkononi. Haya yote alinisimulia baadaye, na mpaka leo nikiyakumbuka natamani kumpiga mtu.

Kesho yake Beverlyne alitukusanya, uso umemeremeta.

"Mnaona Karwirwa? Jana ametupita sisi wote! Home inamfaa huyu. Tunamwacha huko permanently."

Watu walikuwa bado wanapiga makofi mlango ulipofunguliwa. Karwirwa aliingia na mtoto mgongoni, jicho moja limefumba, mdomo umevimba. Akaiweka kibodi mezani kwa Beverlyne. Vitufe vingine havikuwapo, na nywele zilikuwa zimenasa katikati ya vilivyobaki.

"Woi, Mama Munyi!" Beverlyne akasema. "Lakini jana ulifanya kazi poa sana..."

"Hizo herufi mnazipigia makofi," Karwirwa akasema, "ni uso wangu."

Akaja kuketi kwenye kiti chake, kando yangu. Beverlyne aliangalia skrini yake tena. Jina la Karwirwa lilikuwa bado juu kabisa.