Walichoniuliza Kuhusu Byaombe

Asubuhi ile tulikuwa tunaosha boti. Mimi na Byaombe tulikuwa tumetoka mafunzoni karibuni na kupelekwa kwenye kituo cha wanamaji cha Baraka, kando ya ziwa. Kazi ya wapya ilikuwa hiyo: kusugua boti, kukausha mota, kumchotea komanda maji ya kuoga. Ilikuwa siku ya soko. Akina mama walianika ndakala, dagaa wa ziwa letu, mchangani, vijana wa pikipiki waligombea abiria, na Byaombe aliimba wimbo wa kwaya yao kwa sauti mbaya, akijua kuwa ni mbaya.

"We Riziki," akaniambia, "tulijifunza saluti yote ile juu ya kusukula mafuta ya mawese?"

Boti lilinuka mawese kweli. Lilikuwa boti la serikali, moja tu, nasi tuliapishwa kulilinda ziwa nalo: wavuvi wanaonyang'anywa mota, abiria wanaoviziwa majini. Lakini tangu tufike lilikuwa limebeba mawese na mihogo ya komanda kuliko lilivyobeba askari. Mimi ni binti wa mvuvi, nimezaliwa hapahapa Baraka. Byaombe alitoka Fizi, kule juu milimani, na kuogelea alijifunzia mafunzoni. Alikuwa wa kwanza kwao kuvaa sare.

Kabla ya adhuhuri watu wakaanza kuingia mjini kwa miguu kutoka upande wa Lweba, magodoro kichwani, wakivuta mbuzi kwa kamba. Walisema wapiganaji wameteremka milimani. Wamepita kijiji cha Swima, mbele ya Lweba, na wenzao wengine wamekata barabara kati ya Lweba na sisi. Waliochelewa walikuwa wamebaki ufukoni Lweba. Hawakuwa na njia tena ila ziwa.

Komanda akatuita. Tulifunga mikanda tukijua anatutuma Lweba.

"Mupakie," akasema.

Tukapakia. Magodoro yake, jenereta, friji ya mke wake. Byaombe alipoweka friji chini akauliza kwa heshima zote, "Komanda, na batu ba Lweba?"

"Mi naenda kuomba musaada kwa bakubwa. Mubaki mulinde kituo."

Akaondoka na mke wake na wale askari wa zamani, kuelekea Ubwari, ng'ambo ya ghuba. Kituo tulichoachiwa tulinde kilikuwa nyumba ya mabati isiyo na kitu.

Aliyetusaidia hakutumwa na mtu. Papa Alimasi, rafiki wa baba yangu, alikuwa ameketi akishona wavu wake na ameona yote. Akasimama. "Mutumbwi yangu iko. Esansi iko kidogo. Lakini mota nashika mi mwenyewe. Mu hii maji nyie bado batoto."

Tulipofika Lweba, watu walikuwa wameingia ziwani hadi kifuani, wameinua watoto juu ya vichwa. Wenyeji na wakimbizi wa Burundi wa kambi ya jirani walikuwa wamechanganyika. Mama mmoja Mrundi alikuwa na mapacha, mmoja kwenye kila mkono. Mwanamume mmoja akamsukuma nyuma.

"Bakimbizi bangoye! Benye kijiji kwanza!"

Byaombe akawachukua wale mapacha, akanipa mmoja baada ya mwingine. Kisha akamgeukia yule mwanamume. "Leo na we uko mukimbizi, papa. Sogea."

Mtumbwi ukajaa. Maji yalikuwa yanalamba ukingo.

"Imetosha," Papa Alimasi akasema. "Mutu moja tena, tunazama."

Mama wa mapacha alikuwa bado majini, ameshika ubao kwa vidole. Byaombe akaruka chini, maji yakamfika kifuani.

"Mama, panda. Mi niko muzito, na hii bunduki."

"Byaombe, rudi ndani!" nikapiga kelele.

"Mutarudi kunichukua. Mwende!"

Tukaenda.

Hatukuwa tumefika mbali tuliposikia risasi.

Mama yule akajilaza juu ya watoto wake.

Nikageuka. Watu waliobaki walikuwa wanakimbilia migombani. Mtu mmoja alikuwa amesimama kati yao na barabara. Sare yake ilikuwa mpya bado, rangi yake haijapauka. Nilimjua kwa rangi ile.

"Papa, turudi."

"Na hawa?"

Watoto walikuwa wananitazama.

Tuliwashusha upande wa Ubwari, tukarudi kwa petroli iliyobaki, halafu kwa makasia. Ufuo ulikuwa kimya. Byaombe alikuwa amelala nusu mchangani, nusu majini. Walikuwa wamechukua bunduki, mkanda na buti zake. Mtu alikuwa amemfunika uso kwa kitenge.

Aliyemfunika alikuwa bibi mmoja wa kijiji, ambaye sasa alitoka migombani. "Alisimama pale mupaka shiye bote tukaingia mu migomba," akaniambia. "Kisha risasi zake zikaisha."

Tukambeba hadi Baraka.

Komanda alirudi hali ilipotulia, pamoja na wakubwa wenye kofia safi. Wakaniita. Nilikuwa nimejiandaa kueleza jinsi Byaombe alivyokufa. Nilikuwa nimeyarudia maneno moyoni ili nisilie mbele yao.

"Bunduki ya Byaombe iko wapi?" komanda akauliza.

"Bamechukua, komanda."

"Ile ni mali ya serikali. Utaeleza vizuri."

Nikaeleza. Wakauliza kuhusu risasi, kuhusu mkanda, kuhusu buti. Hakuna aliyeuliza kama mama yake amejulishwa. Nikiwa bado mlangoni nilimsikia komanda akiwasimulia wakubwa jinsi "tulivyohamisha raia". Baadaye alipandishwa cheo.

Mimi nilipanda pikipiki hadi Fizi. Mama yake Byaombe alikuwa anamenya mihogo. Nilipomaliza kusema, alikiweka kisu juu ya mihogo.

"Siku ile alikuwa amekula?" akaniuliza.

"Alikula, mama. Ugali na ndakala. Tulikula pamoja."

"Vizuri," akasema. Ndipo akalia.

Niliacha jeshi. Leo nina watoto, na natengeneza mota za wavuvi kwenye kibanda kando ya soko. Mama wa mapacha bado yuko kambini. Watoto wake wamekuwa wakubwa, na akija sokoni huwaleta wanisalimie. Nafurahi kuwaona. Watu huniambia alikufa mmoja, wengi wakapona. Ni kweli, wala sibishani. Lakini wanaosema hivyo hawakumjua huyo mmoja, na mimi sijawahi kuona furaha ile ikiupunguza uzito huu. Kila kimoja kina mahali pake.

Waliompiga risasi sikuwaona nyuso. Siwezi hata kuwachukia sawasawa. Uso ninaoujua ni mwingine. Mwaka jana komanda alipita Baraka kwa gari, walinzi nyuma. Akasimama mbele ya kibanda changu, akanipa mkono watu wote wakiona.

"Riziki! Unakumbuka venye tulipigana kule Lweba?"

Walinzi walikuwa wananitazama. Wanangu walikuwa wanacheza karibu.

"Nakumbuka, komanda," nikasema.

Akacheka, akanipiga begani, akaenda zake.