Ufunguo Kwenye Gari

Harufu ya petroli ikichanganyika na nguo zilizolowa hunirudisha kwenye banda la video pale Tukuyu. Ni mchana wa mvua, madirisha yamezibwa kwa mablanketi na jenereta linanguruma nje. Wakati ule kila aliyepata deki alifungua banda.

Mama mdogo alinipeleka kila tulipotoka sokoni, tukatazama mkanda uleule wa majambazi. Watu walimshangilia jambazi mkuu. Mama mdogo yeye alimtazama mke wa jambazi, mwanamke asiyesema neno picha nzima. Karibu na mwisho, mume anaingia benki na kumwacha garini, ufunguo ukining'inia. Mwanamke anautazama tu, haugusi.

"Ugwe, wewe, ondoka!" mama mdogo alimpigia kelele. "Ufunguo si huo hapo!"

Watu walicheka. "Mama, huyo akiondoka picha imeisha," mwenye banda alimwambia.

"Na iishe!"

Siku hizi nafundisha filamu, na mkanda ule ninao. Wanafunzi wangu huandika kurasa kwa kurasa juu ya jambazi. Mimi husimamisha picha pale kwenye ufunguo, nikaiacha hapo mpaka waanze kukohoa.

Mchana ule wa mvua, mlango wa banda ulipofunguliwa, baba mdogo alikuwa nje na mwavuli, anatungoja. Mama mdogo, ambaye gizani aliiacha khanga imwangukie mabegani, aliivuta ikafunika shavu lililovimba.

"Imeishaje?" baba mdogo aliuliza.

"Kama siku zote," alijibu, akaingia chini ya mwavuli.