Siku Mama Tabita Aliposhikishwa Beseni

Kwanza nikutajie waliokuwepo, maana habari isiyo na majina ni kama samaki anayeuzwa bila kichwa: hulioni jicho lake, hujui ni wa leo au wa juzi. Alikuwepo shangazi yangu Mapendo, kitinda mimba wa nyumba aliyozaliwa baba yangu. Alikuwepo bibi yangu Nanjira, mama yao wote wawili. Alikuwepo jirani yetu Mama Yosefina, mkubwa wa bwawa. Alikuwepo Mama Tabita, shangazi wa kijana aliyetaka kumuoa shangazi yangu. Huyo hakualikwa bwawani, nilimpeleka mimi. Na mimi, Faida, miaka minane au tisa, meno ya mbele sina. Wanawake wengine walikuwa kama kumi. Majina yao ninayo yote, lakini nisikuchoshe.

Kilichonikumbusha ni samaki. Jumamosi iliyopita mjukuu wangu Furaha aliingia jikoni kwangu, hapa Vårby gård, huku Uswidi, ameshika gädda, yule samaki wao mwenye mdomo mrefu kama wa bata na meno kama msumeno. Alimvua mwenyewe ziwani, hapo chini ya nyumba zetu. Kucha amezipaka rangi nyekundu, nywele amesuka juzi tu, hereni zinang'aa, na damu ya samaki imemfika kwenye kiwiko. Mama yake, binti yangu Neema, alikuwa amekuja kutoka Tumba kunitazama. Akamwangalia mwanawe, akageuka kwangu.

Unajua, Furaha amejiandikisha pia kusoma uwindaji. Huku hupewi bunduki hivi hivi, mpaka usome na ufanye mtihani. Vuli ikifika anataka kwenda msituni na wenzake wa kazini kuwinda älg, mnyama mkubwa kuliko ng'ombe, pembe zake kama makoleo. Neema hapati usingizi kwa jambo hilo.

"Mama, mwambie," akasema. "Atapata mume wapi na bunduki begani?"

Furaha naye akajibu kwa Kiswidi, kama walivyo watoto wa huku, kwamba mormor, mwambie mama. Mormor ndiyo mimi, mama wa mama. Basi nikawa katikati, kila mmoja ananituma kwa mwenzake, na samaki yuko mezani ananitazama. Nikavuta kiti. Sikumwambia yeyote jambo lolote. Niliwasimulia habari ya beseni, na wewe nakusimulia kama nilivyowasimulia wao.

Kwetu ilikuwa bonde la Ruzizi, upande wa Kongo, si mbali na Kiliba. Masika mto ulikuwa unafurika, na kiangazi ukirudi kwenye njia yake unaacha mabwawa nyuma, na ndani ya mabwawa kambare wamenaswa. Ziwani, mto ulikoishia, walivua wanaume. Mabwawa yalikuwa ya wanawake. Tulikata migomba, tukajenga ukuta wa udongo, kisha tukaingia na mabeseni na vibuyu kuyatoa maji nje, mchana kutwa, mpaka kambare wabaki kwenye tope wanapumua kwa sauti kama wazee waliolala mchana. Hapo unaingia kwa mikono na vikapu. Harufu ya tope lile, sijaikuta tena popote. Ilikuwa na utamu fulani, kama mihogo iliyolowekwa.

Na bwawa lilikuwa na sheria zake. Maneno ya nyumbani hayaletwi bwawani, yanafukuza samaki. Na hakuna kusimama kutazama: anayefika anapewa beseni, hata akiwa mke wa chifu. "Hapa hatuna mgeni, tuna mikono," ndivyo alivyosema Mama Yosefina kila mwaka. Na sheria ya tatu niliipenda kuliko zote. Siku ya bwawa wanawake walikwenda wamependeza. Walisuka nywele usiku wa kuamkia siku hiyo, wakapaka mafuta ya mawese shingoni, wakavaa shanga. Kitenge kizuri walikitundika juu ya kichaka kikavu, na chanuo, na kichupa cha mafuta, na kazi ikiisha wanaoga na kuvaa. Walirudi kijijini kwa mstari, vikapu kichwani, unadhani wanatoka harusini.

Shangazi yangu alikuwa wa kwanza kati yao. Kambare mkubwa kama paja la mtoto alimshika nyuma ya kichwa, hatikisiki. Na si samaki tu. Alitega ndezi, wale panya wakubwa wa porini, kwenye shamba la mihogo kwa kamba alizosokota mwenyewe, akaenda alfajiri na mkuki wake mfupi, akarudi na nyama tunakula siku mbili. Alitega na hereni zake masikioni. Hereni za shanga, alizitunga mwenyewe, na jioni alikuwa anajitazama kwenye maji ya mtungi mpaka bibi amwambie maji yataisha kwa kutazamwa.

Shida ilikuwa wachumba. Wa kwanza walirudi wakisema ananuka tope. Wa pili walisikia habari ya mitego, wakasema mwanamke anayetega atamtega na mumewe. Walipopatikana wa tatu, bibi akakata shauri: hawa nao wakiondoka, Mapendo anapelekwa mjini kwa mjomba, akapike na kufua, na bwawa halioni tena.

Jioni bibi alipokata shauri, shangazi alinisuka huku akizungumza, nadhani zaidi na nafsi yake kuliko na mimi. Akasema, "Mume namtaka, Faida, wasikudanganye. Lakini sitaki adhani anamwoa mtu mwingine, asiye na tope, halafu aje aishi na mimi."

Sasa sikia. Siku ya wageni ikawa ndiyo siku ya bwawa. Mama Yosefina hakuweza kuisogeza, kwa sababu ndege weupe walikuwa wameshaanza kutua, na ndege wakitua, ukichelewa siku moja unakuta miiba tu. Bibi alimkataza shangazi kutoka. Alipoamka, shangazi hayupo, na beseni halipo.

Wageni wakafika: wazee wawili wa kiume na Mama Tabita, amevaa viatu vyeupe vya kanisani. Bibi akawaambia binti amekwenda kufagia kanisa, anarudi sasa hivi. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba nikimenya karanga. Mama Tabita akatoka kunyoosha miguu, akanikuta, akainama.

"Mwanangu, shangazi yako yuko wapi?"

Nami nilikuwa nimefundishwa na bibi huyo huyo kwamba mgeni hadanganywi. Nikasema, yuko bwawani. Akasema, nipeleke. Nikampeleka. Nilidhani nafanya heshima.

Tulipofika, hata hajapata kupumua, Mama Yosefina akamwekea beseni mikononi, akamwambia maneno yake yale ya mikono. Mama Tabita akatazama viatu vyake. Nilidhani atageuka. Alivivua, akanipa nivishike, akaingia.

Hakuna aliyemjua. Shangazi yangu hakumjua. Mimi peke yangu nilijua, na sheria ilinifunga mdomo, kwa kuwa maneno ya uchumba ni maneno ya nyumbani. Nikasimama pale ukingoni na viatu vyeupe kifuani, nalia bila sauti. Nilikuwa nimeelewa, kama mtoto anavyoelewa, kwamba nimempeleka shangazi yangu mjini kufua nguo za mjomba.

Na shangazi, masikini, akaanza kumtania yule mama. Akamuuliza, "Mama, unayachota maji au unayabembeleza?"

Wanawake wakacheka. Mama Tabita akajibu kwamba anayabembeleza kwa sababu yamemzidi umri. Wakacheka zaidi. Hapo nilianza kupumua kidogo.

Maji yalipofika kwenye vifundo vya miguu, Mama Tabita akamwona kambare, akamrukia kama mtu anayekamata kuku. Kambare ana mwiba kwenye pezi. Ukaingia kiganjani. Alikaa chini kwenye tope na kitenge chake chote, uso umebadilika. Shangazi yangu aliacha kikapu, na siku ya bwawa mtu haachi kikapu. Alimshika mkono, akauvuta mwiba taratibu, akakamua damu, akatafuna majani fulani na kuyabandika. Jina la majani yale, hilo kweli limenitoka. Kisha akampeleka kwenye maji safi, akamwosha miguu, akampaka mafuta yake, na kwa kuwa kitenge cha yule mama kilikuwa tope tupu, akachukua chake kile kizuri kwenye kichaka, akamfunga. Yeye alibaki na kilicholowa. Ndipo akamuuliza anatokea kwa nani.

"Kwa kijana anayetaka kukuoa," Mama Tabita akasema.

 Shangazi alikuwa bado anafunga fundo kiunoni mwa yule mama. Hakujitetea, hakuomba radhi. Alimaliza fundo, akalivuta kuona kama limekaza, akaenda kuchukua kikapu chake.

Tulirudi kwa mstari. Mbele mgeni, ndani ya kitenge cha bi harusi, mkono umefungwa majani. Nyuma yake shangazi, nguo imeganda mwilini, matope yanakauka, hereni zake masikioni, kambare kumi na mmoja kichwani. Nyuma kabisa mimi na viatu. Bibi alikuwa mlangoni na wazee wale. Alipotuona akashika mwimo wa mlango.

Kwetu huvai nguo ya mwanamke mwingine hivi hivi. Nguo ni ya ndugu kwa ndugu. Mzee mmoja akamuuliza Mama Tabita kulikoni, na ile ni nguo ya nani. Yeye akamwangalia shangazi yangu, akajiangalia.

"Ya mke wetu," akasema. "Ningeivaa ya nani mwingine?"

Jioni ile tulikula kambare na sombe, mboga ya majani ya mihogo, na bibi hakumgombeza mtu. Shangazi aliolewa ng'ambo ya mto na beseni lake, na kila kiangazi alirudi, wifi zake nyuma yake. Mumewe alikuwa akimpokea njiani, ambebee kikapu, na watu wakimcheka yeye anasema wacheke, yeye anakula.

Nilipomaliza, Neema alisimama. Alivua pete zake, akaziweka kwenye kikombe, akachukua kisu, akaanza kumparua gädda magamba. Furaha akamwonyesha aanzie wapi. Vuli atakwenda msituni, na mama yake amemshonea kofia ya kitenge aivae huko, ili apendeze, anasema, na ili wasimdhanie mnyama.

Bwawa lile halipo. Nasikia pamelimwa mpunga, na mto wenyewe umehama njia. Vita vilitutawanya, wengine Burundi, wengine kambini Tanzania, mimi mpaka kwenye theluji. Shangazi yangu amelala ng'ambo ile ile alikoolewa. Tuliokuwa pale siku ile, ninayemjua yuko hai ni mimi.

Ndiyo maana nakuomba, wewe unayesoma. Shule yangu iliishia darasa la tatu, na kichwa hiki kimebeba mengi. Zile hereni nasema zilikuwa za buluu, lakini usiku mwingine naziona nyekundu. Kama mama yako au bibi yako alichota maji bwawani kwa Mama Yosefina, muulize, uniambie nimekosea wapi. Nitafurahi sana kuambiwa nimekosea.